Ribeti: Bei Unayoambiwa na Bei Unayolipa



  

Wanafunzi wapenzi na wazazi watukufu, somo letu la mwaka huu limetokana na swali la mwanafunzi. Tulikuwa katika kipindi cha muamalati, nimekwisha kueleza maana ya riba na uharamu wake, mara mtoto mmoja akanyoosha mkono akauliza: "Ustadh, na ribeti je? Mama alinunua lenzi za macho, wakamwambia atapata ribeti. Ile nayo ni riba?"

Darasa zima lilicheka. Mimi sikucheka, kwani ribeti ilikuwa imekwisha kunitia aibu mbele ya kamati ya madrasa hii hii. Nikamwahidi yule mtoto kwamba nitamjibu kwa maandishi, ili na wazazi wasome. Ahadi ni deni, na hili ndilo jibu lake.

RIBETI NI NINI?

Sisi tunaoishi hapa Columbus, tuliotoka Mombasa, Tanga, Unguja, Kongo na kwingineko, tulilelewa katika soko la kupatana. Muuzaji hutaja bei, mnunuzi huomba apunguziwe, wakafika mahali wote wawili wameridhika. Fedha hutoka, kitu huingia kikapuni, na jambo limekwisha hapo hapo. Hakuna anayerudi nyumbani akiwa bado anadai.

Ribeti haiko hivyo. Mnunuzi hulipa bei kamili leo, naye huahidiwa kwamba sehemu ya fedha yake itarudishwa baadaye akitimiza masharti fulani. Mara nyingi anayeahidi si duka ulilosimama ndani yake bali ni kiwanda kilichotengeneza kitu chenyewe, na anayeshughulikia makaratasi ni kampuni ya tatu iliyoajiriwa kwa kazi hiyo. Kwa hiyo unanunua kwa mtu mmoja, unamdai wa pili, na unaandikiana barua na wa tatu.

Zamani, na kwa baadhi ya bidhaa mpaka leo, hatua zake zilikuwa hizi:

1. Kununua kitu ndani ya tarehe zilizowekwa.
2. Kujaza fomu kwa jina, anwani na namba ya simu.
3. Kukata kutoka kwenye boksi ile baakodi, yaani alama ya mistari myeusi yenye tarakimu chini yake. Hutakiwa ile yenyewe, si nakala.
4. Kuambatisha risiti.
5. Kutia vyote katika bahasha, kubandika stempu na kutuma kabla ya siku ya mwisho. Muhuri wa posta ndio shahidi wa tarehe.
6. Kusubiri wiki sita, nane, hata kumi na mbili, mpaka hundi ije.

Siku hizi ribeti nyingi hujazwa kwenye mtandao kwa kupiga picha ya risiti, na badala ya hundi huja kadi ya malipo iliyotiwa fedha. Zimebaki sana kwenye matairi ya gari na lenzi za macho. Duka la vifaa vya ujenzi la Menards nalo limejulikana kwa miaka mingi kwa ribeti yake ya 11 kwa 100. Hiyo hairudi kwa fedha taslimu bali kwa hati ya kununulia vitu katika duka lile lile.

Mambo haya si mageni katika nchi hii. Mwaka 1975 kampuni ya magari ya Chrysler ilitangaza kuwarudishia wanunuzi fedha kwa hundi, wakati biashara ya magari imelala. Ilipofika miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, ribeti za posta zilikuwa zimeenea kwenye kompyuta, mashine za kuchapia, simu na vifaa vya nyumbani.

YALIYONIFIKA MIMI

Mwaka 2023 gari la madrasa, lile linalowachukua watoto wanaokaa mbali, lilikuwa limekwisha matairi. Kamati ilinikabidhi fedha nikanunue manne. Nilikwenda maduka mawili. La kwanza liliuza tairi moja kwa dola 100, jumla 400. La pili liliuza kwa dola 115, jumla 460, lakini ukutani palikuwa na bango kubwa lililosema 380 baada ya ribeti.

Nikapiga hesabu kwa haraka: 380 ni ndogo kuliko 400. Nikalipa 460. Jioni ile nikaieleza kamati kwa furaha kwamba dola 80 zinarudi, na kwamba tuziandike kabisa kuwa za kununulia juzuu za Amma na madaftari ya watoto wa darasa la kwanza. Zikaandikwa.

Siku ya tisa nikatuma fomu pamoja na risiti yenyewe. Sikubakisha nakala. Wiki ya nane ilikuja kadi ndogo ya posta: ombi limekataliwa, kwa kuwa risiti ina jina la taasisi, na ribeti ile ni ya mtu binafsi anayenunua kwa matumizi yake mwenyewe. Nikakitafuta kipeperushi cha masharti. Kweli, lilikuwamo, mstari wa mwisho kabisa, kwa maandishi madogo. Nilipiga simu, nikaambiwa nisome tena masharti. Hata risiti ya kuwaonyesha duka sikuwa nayo.

Sikudanganywa kwa neno hata moja. Kila kitu kilikuwa kimeandikwa. Lakini watoto wa darasa la kwanza walisoma wawili wawili kwenye juzuu moja kwa muda wa miezi minne, mpaka nilipomaliza kuzilipa zile dola 80 kutoka mfukoni mwangu, ishirini kila mwezi. Kamati ilinisamehe, ila mimi niliona ile ni amana niliyoitolea hesabu isiyo kweli. Mzee mmoja wa kamati aliniambia neno ambalo sijalisahau: "Ustadh, fedha ile haikuibiwa. Ilihesabiwa kabla haijafika."

HASARA ZA RIBETI KWA MNUNUZI

Baada ya hapo nilianza kulichunguza jambo hili. Nitazitaja hasara zake moja baada ya moja.

Kwanza: Unalipa yote leo, unarudishiwa kesho. Fedha iliyo mikononi mwako ina kazi ya kufanya: kodi ya nyumba, chakula, kumtumia mzazi nyumbani. Ribeti inaichukua fedha hiyo ikakaa kwa mwingine kwa miezi miwili au mitatu bila faida kwako.

Pili: Kodi ya mauzo. Ribeti ya kiwanda, katika majimbo mengi, haipunguzi bei inayotozwa kodi dukani. Chukua kitu cha dola 100 chenye ribeti ya dola 30, na tuseme kodi ni 7 kwa 100. Utalipa 107, na ikirudi 30 utakuwa umetoa 77. Lau duka lingekuuzia kwa 70 tangu mwanzo, ungelipa 74 na senti 90. Zimepotea dola 2 na senti 10, bado stempu na bahasha.

Tatu: Masharti mengi. Risiti isiwe nakala, baakodi isiwe imechanika, tarehe isipite, kila nyumba ombi moja tu, namba ya bidhaa ifanane na ya kwenye fomu. Ukikosea moja, yote yamebatilika. Hata ukiitumbukiza bahasha siku ya mwisho, posta inaweza kuigonga muhuri siku inayofuata, nawe ukahesabiwa umechelewa.

Nne: Kusahau. Hii ndiyo kubwa kuliko zote. Mwaka 2005 jarida la BusinessWeek liliandika makadirio kwamba ribeti zipatazo 40 katika kila 100 hazidaiwi na wenyewe, na kwamba fedha hizo zinazidi dola bilioni 2 kwa mwaka. Wako walioitupa risiti, waliolitupa boksi, na waliosema nitajaza kesho mpaka tarehe ikapita. Wengine walitimiza yote, hundi ikaja katika bahasha inayofanana na barua za matangazo, wakaitupa bila kuifungua.

Tano: Kadi za malipo. Kadi inayokuja badala ya hundi huwa na muda wake. Sheria ya Marekani inayozuia kadi za zawadi kwisha muda kabla ya miaka mitano haizihusu kadi za namna hii zinazotolewa kama motisha, ilimradi tarehe ya mwisho imeonyeshwa. Zinaweza kufa baada ya miezi michache. Tena mara nyingi hubaki ndani yake dola moja na senti, kiasi kisichotosha kununulia kitu, mwenyewe akaiacha kabatini.

Sita: Habari zako. Unatoa jina, anwani, simu na barua pepe kwa kampuni usiyoijua. Baada ya hapo usishangae sanduku lako likijaa matangazo.

Saba: Kununua usichohitaji. Mtu huona "dola 20 baada ya ribeti" akakibeba kitu ambacho kwa dola 50 asingekitazama. Mara nyingi kitakuwa kimemgharimu hizo 50 kamili.

HESABU YA DARASANI

Wanafunzi, chukueni kalamu. Nyumba 10 zimenunua kitu kimoja cha dola 100 chenye ribeti ya dola 30. Nyumba 6 zimetuma fomu zikalipwa. Nyumba 4 zimesahau. Muuzaji na kiwanda wamebakiwa na dola ngapi?

Nyumba 6 zimelipa 70 kila moja, hiyo ni 420. Nyumba 4 zimelipa 100 kila moja, hiyo ni 400. Jumla 820. Ukigawanya kwa 10, kila nyumba imelipa wastani wa dola 82. Tangazo lilisema punguzo la 30, kumbe punguzo halisi kwa wote ni 18. Zile 12 zilizobaki ni thamani ya usahaulifu wetu.

Hapo ndipo ilipo siri ya biashara hii. Bei ya chini huandikwa kwa herufi kubwa ili itulete dukani, na bei ya juu ndiyo inayolipwa na wengi wetu. Nilipoipiga hesabu hii ubaoni, mwanafunzi mmoja alisema, "Ustadh, basi mimi sitasahau." Kila mmoja wetu husema hivyo. Wachumi wawili wa Marekani, Joshua Tasoff na Robert Letzler, walichapisha utafiti mwaka 2014 kuhusu jambo hili. Waliwauliza watu wana uhakika kiasi gani kwamba wataituma fomu ya ribeti, na majibu yao yalikuwa karibu 80 kwa 100. Walioituma walikuwa karibu 30 katika kila 100. Wala kuwakumbusha hakukusaidia sana. Kilichosaidia ni kuifanya fomu yenyewe iwe nyepesi. Basi tatizo si ujinga, ni tabia ya mwanadamu kujidhania mwema wa kesho.

YALIYOWAHI KUTOKEA

Ziko hasara kubwa zaidi ya kusahau, pale ambapo mnunuzi ametimiza yote na bado hakulipwa.

Palikuwa na duka la mtandao lililoitwa CyberRebate. Liliuza vitu kwa bei kubwa kupita ya soko, mara kadhaa ya thamani yake, likiahidi kwamba vingi katika hivyo mnunuzi atarudishiwa fedha yote, yaani kitu kitakuwa cha bure. Watu walinunua kwa wingi, wengine kwa maelfu ya dola. Mwezi Mei 2001 duka lilijitangaza limefilisika, likiwadai? La, ndilo lililodaiwa, mamilioni ya dola za ribeti zisizolipwa. Waliotafuta cha bure walijikuta wamenunua vitu kwa bei ghali kuliko zote.

Mwaka 2005 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani, ijulikanayo kwa kifupi FTC, ilifikia mapatano na maduka ya kompyuta ya CompUSA. Maduka hayo yaliendelea kutangaza ribeti za kiwanda kimoja kiitwacho QPS, hali kiwanda hicho kilikuwa hakiwalipi watu kwa wakati. QPS ilifilisika mwaka 2002, na maelfu ya wanunuzi hawakuwa wamelipwa. Tume iliona kwamba aliyetangaza hawezi kujitoa akasema deni si langu, na CompUSA ikakubali kuwalipa wanunuzi wale.

Mwaka 2007 Tume hiyo hiyo iliichukulia hatua InPhonic, kampuni iliyouza simu kwa njia ya mtandao. Baadhi ya ribeti zake zilimtaka mnunuzi asubiri miezi ndipo atume maombi pamoja na bili zake za simu, na masharti hayo hayakuonyeshwa wazi kabla ya kununua. Mwaka huo huo kampuni ilifilisika.

Kwa uadilifu ni lazima tuseme pia kwamba si kila ribeti ni hila. Kiwanda kinaweza kutaka punguzo limfikie mnunuzi mwenyewe badala ya kubaki kwa mwenye duka, au kinataka kumaliza bidhaa za mwaka uliopita. Wako wengi waliolipwa kama walivyoahidiwa. Tena wako wauzaji walioona malalamiko wakajirekebisha: mwaka 2005 Best Buy ilitangaza kwamba itaachana na ribeti za posta ndani ya miaka miwili, na mwaka 2006 OfficeMax ikaziondoa ikaweka punguzo la papo hapo. Jimbo la Connecticut nalo limeweka sheria kwamba duka lisiitangaze bei ya baada ya ribeti kuwa ndiyo bei, ila likiwa linampunguzia mnunuzi pale pale anapolipa.

TUIPIME KWA MIZANI YA DINI

Sasa nirudi kwa mwanafunzi wangu. Je, ribeti ni riba?

Kwanza nitanabahishe kuwa mimi si mufti. Nimesoma diploma, ninafundisha watoto, na mwenye shaka juu ya muamala wake amwendee mwanachuoni. Lakini katika yale tuliyosoma, riba inahusu nyongeza juu ya deni, au nyongeza na ucheleweshaji katika kubadilishana vitu maalumu kama dhahabu kwa dhahabu. Katika ribeti mnunuzi harudishiwi zaidi ya alichotoa, anarudishiwa sehemu ya fedha yake mwenyewe. Na muuzaji kumpunguzia mnunuzi bei, hata baada ya kuuziana, ni jambo ambalo wanavyuoni wamelizungumza na kuliruhusu. Kwa hiyo kufanana kwa majina ni kwa bahati tu, mwanangu. Ribeti si riba.

Ila kuna mlango, na mlango huo ni mwembamba usioonekana. Mama ana dola 70. Kitu ni dola 100, na 70 baada ya ribeti. Anasema moyoni, "Ninacho." Kumbe hana, kwa kuwa dukani wanataka 100. Basi anatoa kadi ya mkopo ya benki. Bili inakuja kabla ya ribeti kuja, hawezi kuilipa yote, na benki inaanza kuhesabu nyongeza. Hapo ribeti haikuwa riba, lakini imeishika riba mkono ikaingia nayo nyumbani. Nafikiri hili ndilo la kuogopwa kuliko zote nilizozitaja.

Mambo mengine matatu ya dini yanahusika hapa.

La kwanza ni kujulikana kwa bei. Fiqhi ya kuuziana inataka thamani iwe maalumu kwa pande zote mbili, na inakataza gharar, yaani muamala ambao mwisho wake umefichikana. Mnunuzi anayelipa 460 akiamini amelipa 380 hajui bei ya alichonunua. Sharia inapotaka uwazi inamlinda mtu kama huyo, na inamlinda muuzaji pia na ugomvi.

La pili ni kukidhihirisha kilichofichwa. Sote tunakijua kisa cha Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni, akatia mkono wake katika rundo la nafaka, vidole vikakuta umajimaji chini. Mwenye nafaka akasema ilinyeshewa na mvua. Mtume (S.A.W.) akamuuliza kwa nini hakuiweka ile iliyolowa juu, watu waione, kisha akaonya vikali juu ya udanganyifu. Bango lenye bei kubwa ukutani na sharti zito katika mstari wa mwisho ni nafaka kavu juu na mbichi chini. Wanafunzi ambao wazazi wenu wana maduka, na nyinyi mtakaokuja kuwa wafanyabiashara, likumbukeni rundo lile.

La tatu ni ahadi. Dini yetu imehesabu kuvunja ahadi kuwa miongoni mwa alama za mnafiki. Aliyeahidi kurudisha fedha akamlipa kila mtu haraka na bila vikwazo, huyo ametekeleza. Aliyeipanga ahadi yake akitumaini kwamba wengi watashindwa kuidai, basi ajiulize atamjibu nini Mola wake.

Na sisi wanunuzi tusijitoe. Imesikika kwamba wako watu wanaotuma ombi mara mbili kwa kutumia anwani ya jirani, au wanakata baakodi wakatuma fomu kisha wakarudisha kitu dukani wakalipwa tena. Huo ni wizi. Uovu wa muuzaji haumhalalishii mnunuzi.

TUFANYE NINI?

1. Soma bei ya kaunta. Unapolinganisha maduka mawili, linganisha fedha itakayotoka mkononi mwako leo. Ribeti ihesabu kuwa sifuri. Ikija, mshukuru Allah (S.W.). Mimi ningefanya hivyo ningelipa 400 badala ya 460. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao.

2. Uliza hivi: "Punguzo hili linatolewa sasa au baadaye?" Likiwa la sasa, ni punguzo la kweli. Likiwa la baadaye, uliza nani anayelipa, lini, na kwa hundi au kadi.

3. Soma masharti kabla ya kulipa, na uanzie chini kwenda juu. Wazee wasiosoma Kiingereza wasomewe na watoto wao, nyinyi wanafunzi. Hiyo ni katika kuwatendea wema wazazi.

4. Jaza fomu siku ile ile, kabla kitu hakijatumika na kabla boksi halijatupwa. Usiseme kesho.

5. Piga picha kila kitu: risiti, fomu, baakodi na bahasha. Mali bila daftari hupotea bila habari. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, iliyomo katika Suratul Baqara, inahusu kuandikiana madeni. Basi andika kwenye kalenda ya jikoni siku uliyotuma na siku unayotarajia kulipwa.

6. Fungua kila barua. Kadi ikija, itumie mara moja mpaka ibaki sifuri, kama kwa kununulia chakula.

7. Ukicheleweshwa, andika. Anza na kampuni yenyewe, kisha duka, kisha ofisi ya mwanasheria mkuu wa jimbo inayopokea malalamiko ya wanunuzi, au FTC. Kudai haki yako kwa adabu si ulalamishi.

8. Fedha ya amana usiitie kabisa katika ribeti. Fedha ya madrasa, ya msikiti, ya yatima au ya chama cha kina mama inunuliwe kitu kwa bei iliyo wazi, hata kama ingeonekana ni zaidi kidogo. Mali yako ukiihatarisha umejidhulumu mwenyewe. Ya watu ina wenyewe.

HITIMISHO

Ndugu wasomaji, dola 80 si mali nyingi katika nchi hii. Lakini nikiwaona watoto wa darasa la kwanza sasa, kila mmoja na juzuu yake mkononi, nakumbuka ile miezi minne waliposoma wawili wawili, mmoja akivuta kitabu huku na mwenzake huku. Hawakujua sababu. Sababu ilikuwa mwalimu wao aliyesoma herufi kubwa akaacha ndogo.

Tunamuomba Allah (S.W.) atupe riziki ya halali, atukinge na riba na vinavyoielekea, na atujaalie tuwe wakweli katika kuuza na kununua kwetu. Amin.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Eleza kwa maneno yako tofauti kati ya ribeti na punguzo la papo hapo.
2. Kwa nini tunasema ribeti si riba? Ni kwa njia gani inaweza kumfikisha mtu kwenye riba?
3. Duka la kwanza linauza mashine ya kuchapia kwa dola 90. La pili linauza ile ile kwa dola 120 na ribeti ya dola 40. Utanunua wapi, na kwa nini?
4. Nyumba 20 zimenunua kitu cha dola 50 chenye ribeti ya dola 20. Nyumba 8 hazikutuma fomu. Tafuta wastani wa bei iliyolipwa na kila nyumba.
5. Kisa cha rundo la nafaka kinamfundisha nini mwenye duka? Kinamfundisha nini mnunuzi?
6. Kazi ya nyumbani: Tafuta tangazo moja lenye bei ya baada ya ribeti. Msomee mzazi wako masharti yake yote kwa Kiswahili, kisha muandike pamoja bei ya kaunta.